Boriti za Hewa

Gogo la mkoko limetengenezwa na nini? Hilo lilikuwa swali langu la kwanza kila mwaka, nilipokuwa nafundisha sayansi hapa Kunduchi. Darasa zima lilijibu: matope. Sikuwacheka. Babu yangu, aliyekuwa akichoma chokaa ufukweni huku, alifariki na jibu hilohilo.

Matope huushika mkoko usianguke na kuupa madini kidogo, basi. Lile gogo zito ajabu limetokana na maji na hewa ya ukaa, ambayo huingia kwenye jani kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Umbijani, ile rangi ya kijani, hunasa mwanga wa jua. Nguvu ya mwanga huvunja maji, na jani likaunda sukari. Vitabu vinaiita kazi hiyo usanisinuru. Sukari hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mti, mwaka baada ya mwaka. Mholanzi Jan Ingenhousz alizamisha majani mabichi majini akaona yakitoa mapovu yakiwa juani, na yakiwa gizani yakiacha. Alichapisha habari hiyo mwaka 1779.

Wakati huo wazee wa mwambao walikuwa wameshauza boriti za mikoko karne na karne. Zilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zikapakiwa majahazini, na kusi ikivuma zikapelekwa Uarabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu. Delta ya Rufiji ilikuwa ghala kuu la biashara hiyo. Hata upana wa chumba katika nyumba ya mawe uliamuliwa na boriti: mita tatu hivi, na fundi akitaka zaidi atafute nguzo ya katikati. Baadaye Wajerumani walikuja wakataka magome ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Ukiniuliza mimi, biashara yote hiyo ilikuwa ya hewa iliyofungwa korija.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni kazi ya babu. Magogo yalipangwa duara, tabaka juu ya tabaka, matumbawe yakarundikwa juu, kisha moto. Matumbawe nayo yanalishwa na jua: ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo mno, wenye umbijani, unaompikia mwenyeji wake chakula. Kwa hiyo kuni na jiwe vyote vilitokana na kazi ya mwanga. Moto ukifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, hubaki chokaa. Ukiichanganya na maji ukaipaka ukutani, huivuta tena hewa ileile polepole na kugeuka jiwe tena. Nendeni kwenye magofu yetu ya hapa Kunduchi, kwenye makaburi ya karne ya 18 yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, mpapase plasta. Ilikauka hivyo.

Majaruba ya chumvi nayo hutumia jua. Sina ugomvi na wavuna chumvi, maana nami nakula. Ila panapochimbwa jaruba mikoko hukatwa kwanza, na jua linalopiga pale hukausha maji tu, halijengi gogo wala halimlishi kaa. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko mwaka 1987. Babu alikuwa ameshaweka shoka chini zamani, kwa sababu ya mgongo.

Maji yakitoka, shukeni mkaitazame mikoko iliyobaki. Tafuteni mchu, ule wenye mizizi iliyosimama wima matopeni kama penseli. Huo hunywa maji ya bahari, na chumvi iliyozidi huitoa kupitia majani. Msilichume jani, liinamieni, mlilambe.