Hoteli za Kianjokoma na Chungu cha Nyumbani

Msafiri ashukaye kwenye matatu pale Kianjokoma asubuhi na mapema, wakati ambapo ukungu wa Mlima Kenya haujaamua bado kama utapanda au utashuka, akauliza mahali pa kula chakula cha wenyeji, aghalabu huelekezwa kwenye hoteli yenye ubao uliochorwa kikombe kinachofuka mvuke, na ndani yake hukuta chai ya maziwa, mandazi, chapati, wali na maharagwe. Vyote ni vitamu, wala sina nia ya kuvitia ila. Lakini babu wa babu yake mwenye hoteli, lau angalifufuka akaketi mezani hapo, asingalitambua hata kimoja. Huyo mgeni aliyekuja kuonja Embu huonjeshwa Bombay, Mombasa na Kericho katika sahani moja, ilhali chakula alichokisafiria kiko jikoni kwa jirani, nyuma ya ua, kinatokota taratibu katika chungu kisicho na ubao wala bei.

Jambo hili lina historia yake, nayo huanzia kwenye jina. Katika nchi yetu ya Kenya hoteli ni nyumba ya kula, na mgeni wa Ulaya anayeliona neno hilo ukutani akaingia kutafuta kitanda huambulia benchi. Neno la kale zaidi la Kiswahili ni mkahawa, yaani mahali pa kahawa, na pwani, ambako mchuuzi bado huzunguka na dele la shaba na vikombe vidogo visivyo na masikio, jina na kitu vinapatana. Huku Kianjokoma mashamba ya mibuni yako chini ya soko na mashamba ya michai yako juu yake kuelekea msitu wa Irangi, na hata hivyo wazee walioichuma buni nyekundu maisha yao yote, wakaipeleka kiwandani ikaoshwa, ikaanikwa na kupakiwa kwenda Ulaya, hukaa mikahawani wakanywa chai.

Kabla ya kuja serikali ya Waingereza hapakuwa na haja ya nyumba ya kula. Miteremko hii ilijaa maakuli: wimbi, mtama na mawele kwa uji na pombe, viazi vikuu vilivyopandishwa juu ya miti kama mizabibu, migomba kando ya nyumba, nduma, ambazo watu wa pwani huziita magimbi, mabondeni penye maji, na fiwi, ile kunde nyeusi yenye mstari mweupe ambayo Wakikuyu huiita njahi, na ambayo desturi iliwekea heshima ya kuwa chakula cha mwanamke aliyetoka kujifungua. Masoko yalikuwako, na wanawake wa juu walibadilishana vyakula na wanawake wa Mbeere walioko chini kwenye joto, kwa sababu mwaka ambao mvua huwanyima hawa huenda ikawajalia wale. Lakini kilichouzwa ni nafaka, wala si chakula kilichopikwa. Mgeni alipofika, alikaribishwa nyumbani akala. Kumdai mtu malipo kwa kumlisha kungalikuwa fedheha ambayo ukoo mzima ungaliisikia.

Mwaka wa 1906 Waingereza waliwashinda Waembu kwa bunduki, wakajenga boma palipokuja kuwa mji wa Embu; mwaka wa 1908 wakajenga boma Meru pia. Boma lilileta askari, makarani, wachukuzi na watu waliokuja kulipa kodi ya nyumba kutoka mbali, na watu hao wote walikuwa na jambo moja jipya katika milima hii: walikuwa na njaa mahali ambapo hawakuwa na jamaa. Nyuma ya boma likaja duka la Mhindi, na pamoja na duka sukari, majani ya chai, unga wa ngano na mafuta ya kukaangia. Vita vya kwanza vya dunia vilipowachukua vijana kwa maelfu kuwa wachukuzi wa mizigo, waliosalimika walirudi wakiwa wamezoea posho ya unga wa mahindi, wakijua kwamba chakula huweza kupimwa, kugawiwa na kuhesabiwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo hoteli ilipozaliwa. Kwa kuwa ilizaliwa kwa ajili ya wageni, ilipika vya kigeni, na chungu cha nyumbani kikaachwa nyumbani, si kwa kudharauliwa, bali kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mwenye akili atatoa fedha anunue githeri, yale mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja.

Hapa yanipasa kukiri jambo linaloivuruga hoja yangu. Mukimo, ambao hauwezi kukosekana katika harusi yoyote ya Embu, Meru na Kirinyaga, na ambao huitwa kwa fahari chakula cha mababu, hupondwa kwa mahindi, maharagwe, viazi na majani ya maboga. Mahindi asili yake ni Amerika. Maharagwe, vivyo hivyo. Viazi vya mviringo ni vya milima ya Peru, vikapitia Ulaya, vikaletwa huku na wazungu. Na boga lenyewe, ambalo majani yake huupa mukimo rangi ya kijani, nalo asili yake ni Amerika! Ukiweka kando ya sahani kipande cha parachichi, kama ilivyo desturi njema, umekamilisha safari ya kuvuka bahari, kwa kuwa nalo limetoka huko huko. Katika mlo mzima, chumvi pekee ndiyo isiyohitaji pasipoti.

Mahindi yalitangulia kufika pwani kwa merikebu, katika zama zile ambapo Wareno walitamalaki Mombasa na kujenga Ngome ya Yesu kuanzia mwaka wa 1593, ingawa jina tulilolipa laonyesha kwamba Waswahili waliyadhania kuwa nafaka ya Kihindi. Mahindi meupe ya leo yalienezwa baadaye sana, yakiletwa na walowezi kutoka Afrika ya Kusini. Wala tusione haya kwa hayo. Wareno hao hao walifika Japani mwaka wa 1543, nao watu wa Nagasaki hata leo humuuzia mgeni keki ya mayai iitwayo castella kuwa ndiyo tunu ya mji wao, na tempura, ile mboga na kamba wa kukaangwa katika ujiuji wa unga, husemekana ilitokana na mapishi ya Wareno. Mjapani aendaye Nagasaki hula castella, akienda Hiroshima hutafuta okonomiyaki, akifika Fukuoka huketi mbele ya bakuli la tambi ambazo mwanzo wake ni Uchina, na hakuna anayemuuliza mwenye duka kama babu wa babu yake alivijua. Chakula huwa cha mahali kwa kupikwa hapo miaka mingi na watu wanaokionea wivu. Tofauti yao na sisi ni moja tu: wao walikiandikia ubao.

Fedha zilizoijaza hoteli ya Kianjokoma zilitokana na kahawa kwanza, kisha chai. Embu, Meru na Kisii zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930, kwa masharti mengi na miti michache. Mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ndio uliofungua mlango. Chai, iliyopandwa Limuru tangu mwaka wa 1903, ilikaa mikononi mwa wazungu na makampuni yao kwa takriban nusu karne kabla ya Mwafrika kupewa ruhusa. Lakini mlango huo ulifunguliwa katika miaka ya dhiki, kwa maana Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 iliwakusanya watu wa nchi hii katika vijiji vya kulazimishwa, ikawatoa wanawake alfajiri kwenda kuchimba handaki la ukingoni mwa msitu. Katika siku hizo chungu cha githeri, ambacho hakihitaji mpishi kusimama kando yake, kilithibitisha fadhila yake. Baada ya uhuru, Mamlaka ya Chai ya wakulima wadogo ikaundwa mwaka wa 1964, viwanda kama Mungania na Rukuriri vikajengwa, na tangu hapo kalenda ya hoteli ikafuata kalenda ya malipo: miezi ya kawaida ni chai na mandazi, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai inapolipwa, ni nyama.

Nyama yenyewe ina kanuni zake, maana hapa hoteli na bucha ni ndugu. Mteja huchagua paja au mbavu zikiwa zimening'inia, hupimiwa kwenye mizani mbele ya macho yake, kisha huenda uani kungoja, na kungoja huko ndiko nusu ya karamu. Mbuzi huchomwa juu ya mkaa bila viungo, hukatwakatwa juu ya ubao, chumvi ikarundikwa pembeni pamoja na kachumbari. Hii choma ya bucha ni mjukuu wa mbuzi wa sherehe, ambaye kila kiungo chake kilikuwa na mwenyewe, sehemu hii ya wazee, sehemu ile ya wanawake. Leo kilo haimjui mzee wala kijana. Mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, umehamia barabarani jioni, hukatwa vipande na kuliwa kwa wima.

Kuhusu wali, hadithi yake yaanzia chini. Yeyote atokaye Nairobi kwenda Embu hupita Wang'uru, katikati ya mashamba ya mpunga ya Mwea, na hukuta kando ya barabara wauzaji wa mchele wakiwapungia wenye magari. Mwea ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu mpaka Kirinyaga ilipotengwa mwaka wa 1963, na mifereji yake ilichimbwa katikati ya miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Hali ya Hatari, jambo ambalo walaji wa pilau hawalikumbuki. Mpunga uitwao Sindano ulikuwamo tangu zamani, lakini ulioipa Mwea sifa ni pishori, mwembamba wenye harufu, ambao jina lake husemwa kuwa limetokana na Peshawar. Wajapani, ambao kwa mchele hawana mzaha, walikuja kusaidia kukarabati mifereji hiyo na utafiti wake, na bwawa la Thiba lililokamilika mwaka wa 2022 lilijengwa kwa mkopo wao pamoja na fedha za Kenya. Hata hivyo kwa muda mrefu wali huku milimani ulikuwa chakula cha Krismasi, pamoja na chapati, na mtoto aliyevipata mwezi wa Juni alijua kuna harusi.

Je, chakula cha nyumbani kilianza lini kuuzwa? Sina tarehe ya kuandika, na nadhani kilijipenyeza. Watoto wa mlima walihamia Nairobi, wakakitamani walichokikimbia. Nduma za kuchemsha zikaanza kuandamana na chai ya asubuhi badala ya mkate. Mukimo ukapanda kwenye orodha za vyakula. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mtu mmoja jijini alipigwa picha akiwa katika foleni ya kura, anakula githeri kutoka katika mfuko wa plastiki, na kwa juma zima githeri ikawa na nemsi kuliko wagombea. Siku ishirini tu baadaye, tarehe 28, serikali ikapiga marufuku mifuko hiyo. Githeri ilinusurika.

Basi kwa yule msafiri tuliyemwacha kwenye matatu, nasaha yangu ni kwamba aupite ule ubao mkubwa, akazunguke nyuma ya soko siku ya gulio, penye mabanda ya mabati na moshi wa kuni. Nililoingia mimi lilikuwa na benchi mbili na meza moja iliyotandikwa karatasi ya nailoni yenye maua. Sufuria lilikuwa limefunikwa kwa jani la mgomba, na juu ya jani mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe.

“Karibu, mzee,” akasema mama mwenye banda. “Githeri iko. Unataka ya kukaanga ama hivyo tu?”

Swali hilo ni la kina kuliko linavyosikika, kwa sababu ya kukaanga ina vitunguu, nyanya na mafuta, yaani imekwisha kupitia dukani, na “hivyo tu” ni ile iliyotoka chunguni jinsi ilivyo. Nikamwambia hivyo tu. Akaondoa jiwe, mfuniko na jani, mvuke ukapanda ukaufunika uso wake, akachota kwa upawa mpaka chini ambako punje zimepasuka zikafanya mchuzi wao wenyewe, akamimina katika bakuli, akaongeza nusu ya parachichi ambayo sikuiagiza. Mahindi yalikuwa magumu kidogo nje na laini ndani. Maharagwe yalikuwa yamekubali. Nilikula kimya, kama wengine.

Nilipomaliza, nikitazama mibuni ya jirani iliyoinama kwa uzito wa buni mbivu hatua chache kutoka bandani, nikaomba kahawa. Yule mama akacheka, akamwita mtoto, akampa sarafu, akamtuma dukani. Mtoto akarudi mbio ameshika kipakiti kidogo cha kahawa ya unga, nami nikaletewa maji ya moto, kijiko na kile kipakiti.

“Fungua mwenyewe, mzee,” akasema. “Mimi sijui hiyo hutiwa kiasi gani.”