Cheti Kwanza, Njumu Baadaye: Historia ya Mpira wa Vijana Kwetu na Mambo ya Kujua Mzazi

Ndugu zetu wana Temeke, mlio nyumbani na mlio mbali,

Kama ilivyo desturi ya kijitabu hiki, kabla ya kufika kwenye hesabu na michango tunatoa habari moja ya historia ya kwetu. Mwaka huu tumechagua mpira wa watoto. Wazazi wanaotaka kuandikisha watoto katika timu za yosso hutuuliza kuhusu njumu, jezi na nauli ya mazoezini. Wachache sana huuliza kuhusu cheti cha kuzaliwa. Historia ya mpira wetu inaonyesha kwamba hilo ndilo swali la kwanza, na hapa tunaeleza kwa nini.

Mpira wa klabu katika jiji letu ni wa siku nyingi. Yanga ilianzishwa 1935, na klabu ambayo leo ni Simba ikafuata 1936. Hizo zilikuwa klabu za watu wazima. Mtoto alikulia kwenye chandimu: mpira wa makaratasi au soksi uliofungwa kamba, goli la ndala mbili, na mechi inayoisha Magharibi mama anapoita. Katika chandimu hakuna aliyeuliza umri. Timu ziligawanywa kwa kimo na kwa ubishi, na mdogo aliyekuwa na mguu mzuri alicheza na wakubwa. Aliyebahatika alionekana shuleni, kwenye mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi au UMISSETA kwa sekondari. Kwa wenzetu wa Kinondoni, Shule ya Sekondari Makongo ilisifika kwa kulea wachezaji.

Utaratibu huo ulitoa vipaji, lakini haukuacha karatasi. Mtoto alitambulika kwa jina la utani na mtaa anaotoka. Alizaliwa lini, alianza kuchezea timu gani na kwa miaka mingapi, hayo yalibaki vichwani mwa watu. Kwa mpira wa mtaani ilitosha. Mpira ulipotoka nje ya mipaka ya nchi, haikutosha tena.

Somo la kwanza lilikuwa chungu. Timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifanikiwa kufuzu fainali za Afrika zilizochezwa Gambia mwaka 2005. Haikwenda. CAF iliiondoa kwa kumchezesha kijana aliyezidi umri, na nafasi ikapewa Zimbabwe. Fikirini wale vijana wengine kikosini, waliokuwa na umri halali na waliotoka jasho kwenye mechi za kufuzu. Nao walibaki nyumbani. Umri wa mmoja uliwagharimu wote, na miaka 17 haimrudii mtu.

Somo la pili lilikuja kwa upande wa pili. Mwaka 2016 Serengeti Boys iliifunga Congo Brazzaville mabao 3-2 hapa Dar es Salaam, kisha ikafungwa 1-0 kule Brazzaville. Congo ikapita kwa bao la ugenini. Tanzania ikalalamika kuhusu umri wa mchezaji mmoja wa Congo. CAF ikaagiza apimwe, hakufika kwenye kipimo, na Congo ikaondolewa. Vijana wetu wakaenda Gabon mwezi Mei 2017. Walitoka sare 0-0 na Mali, wakaifunga Angola 2-1, wakapoteza 1-0 kwa Niger. Bao hilo moja ndilo lililowanyima nusu fainali na safari ya Kombe la Dunia nchini India.

Somo la tatu lilitukuta mlangoni kwetu. Aprili 2019 fainali hizo hizo zilichezwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uwanja wa Benjamin Mkapa, na kule Chamazi. Viwanja vyote viwili viko ndani ya wilaya yetu. Vijana wetu walipoteza mechi zote tatu, ikiwemo ile ya kukumbukwa ya mabao 5-4 dhidi ya Nigeria. Guinea ilifika fainali na kushindwa na Cameroon kwa penalti. Baadaye ikagundulika kuwa wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa zisizolingana na zile walizotumia katika mashindano ya awali nje ya Afrika. Guinea ikafutwa, na Senegal ikaenda Kombe la Dunia badala yake. Njia ya mwongo ni fupi, na siku hizi imefupishwa zaidi: tangu 2009 FIFA imekuwa ikitumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono katika Kombe la Dunia la wavulana chini ya miaka 17, na kumbukumbu za usajili za nchi moja husomwa na nchi nyingine.

Kwa hiyo mzazi akiambiwa na kocha, "Mama, tumpunguzie miaka miwili ili aonekane," ajue anaombwa kumtia mtoto wake deni. Deni hilo hudaiwa siku mtoto anapokaribia kufanikiwa. Na kabla ya siku hiyo, kijeba anayeshushwa kucheza na watoto huwaumiza. Kijana wa miaka 16 akigongana na mtoto wa miaka 12, anayelala hospitali tunamjua.

Karatasi zinazosema kweli zina faida pia, na mfano tunao wa mtoto wa kwetu. Mbwana Samatta alikulia Mbagala. Alicheza African Lyon, klabu iliyoanza kwa jina la Mbagala Market, kisha Simba. Mwaka 2011, akiwa ameshatimiza miaka 18, alikwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo Klabu Bingwa Afrika 2015. Januari 2016 alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kuingia Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa.

Safari ya namna hiyo inasimamiwa na kanuni ambazo kila mzazi anapaswa kuzijua. Ya kwanza: FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Mtu akija nyumbani kwako na habari za majaribio nje ya nchi kwa mtoto wa miaka 15, akaomba fedha za pasipoti na tiketi, usitoe hata shilingi. Mpeleke kwanza TEFA au TFF akajieleze.

Ya pili: mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada ya uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa ada ya dola 1,000,000, fungu hilo ni dola 50,000. Kila mwaka wa malezi kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15 una dola 2,500, na kila mwaka kuanzia 16 hadi 23 una dola 5,000. Lakini klabu hulipwa ikiwa tu mchezaji alisajiliwa kwake kwa utaratibu wa shirikisho. Timu ya mtaani isiyo na usajili, iliyomlea mtoto miaka minne kwenye vumbi, haipati kitu. Fedha ambazo zingenunua mipira ya wadogo zake zinapotea kwa kukosa fomu.

Wala haya si ya wavulana peke yao. Mwaka 2022 Serengeti Girls ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza fainali za Kombe la Dunia la FIFA, kule India. Iliifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Mwenye binti apendaye mpira amletee mazoezini, na cheti chake pia.

Basi, mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto, katika mpango wetu au wa jirani, aulize haya. Timu imesajiliwa, na inatambuliwa na chama cha soka cha wilaya? Umri unathibitishwa kwa cheti au kwa macho? Nani yuko na watoto wakati wa mazoezi na safarini, na kwa mabinti yupo mwanamke? Kisanduku cha huduma ya kwanza kipo? Mazoezi yanaanza baada ya masomo, au mtoto anatoroka shule? Anayekasirika kwa maswali haya asikabidhiwe mtoto.

Kwetu sisi, mtoto bila cheti hafukuzwi. Anaendelea na mazoezi huku mzazi akielekezwa RITA, ambayo hupokea maombi kupitia ofisi za wilaya. Mzazi aende na tangazo la uzazi la hospitali au kadi ya kliniki, na kama vimepotea aulize ni vielelezo gani vingine vinavyokubalika. Ila hachezi mashindano ya umri mpaka karatasi ipatikane, hata kama ndiye mfungaji wetu bora. Tumekwishapoteza mechi kwa msimamo huu, na tutaendelea kuushika.

Michango yenu ya mwaka huu, kwa upande wa mpira, inakwenda katika mambo matatu: kuwasaidia ada ya cheti wazazi walioshindwa, kusajili timu na watoto kwa utaratibu unaokubalika, na vifaa vya huduma ya kwanza. Jezi zinapendeza kwenye picha, na mwenye kutaka kutoa jezi tutampokea kwa mikono miwili. Lakini jezi huchakaa kwa msimu mmoja. Cheti kitamsaidia mtoto kuandikishwa shule, kupata kitambulisho cha taifa na pasipoti, hata kama hatafunga goli moja maishani mwake.