Spea "Original" za Datsun 240Z: Maswali Matatu ya Kuuliza Kabla Hujatuma Doh

Tuseme uko Merti. Umepata Datsun 240Z imelala kwa boma ya mtu, vumbi imeingia mpaka kwa dashibodi, na mwenyewe amekubali bei. Unataka kuifufua. Msee wa spea Nairobi anakutumia picha kwa WhatsApp: "Boss, niko na seti nzima ya vitu vya moshi, original kabisa, zimetoka gari ya Marekani. Tuma deposit leo, kesho ziko kwa basi."

Usitume bado.

Mtu wa Nairobi akichukua spea isiyo yake, anarudi tu Kirinyaga Road kubadilishiwa. Wewe wa Merti huna hiyo raha. Mzigo unatoka Nairobi hadi Isiolo, halafu unangoja gari la kuuteremsha kwa barabara ya vumbi kuelekea Ewaso Nyiro. Mvua ikinyesha, unangoja zaidi. Ukigundua umechomwa, mzigo unarudi njia ile ile, na nauli ni yako. Ndio maana kazi ya kutambua spea inafanywa kwa simu, kabla M-Pesa haijaguswa.

Na huyu msee anaweza kuwa hakudanganyi hata kidogo. Spea zake zinaweza kuwa original kweli, lakini za gari nyingine. Hapo ndipo watu wengi hupigwa.

Kwa nini watu wanaitafuta hii gari

Datsun 240Z ni gari ya sports ya Nissan, iliyoanza kutoka kiwandani Japani mwishoni mwa 1969 na kuendelea hadi 1973. Injini yake ni L24, silinda 6 kwa mstari, sisi 2393, na kabureta mbili.

Hapa kwetu jina lake lilijengwa na Safari Rally. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo. 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia, safari hiyo Mehta akilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwa Datsun nyingine, mpaka ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike. Ile gari ya 1971 Nissan wameihifadhi kwa mkusanyiko wao wa magari ya zamani huko Zama, Japani. Kuanzia 2003 kuna pia East African Safari Classic Rally, mbio za magari ya zamani, kwa hivyo Z bado ina soko.

Na kwa soko la gari za zamani, mnunuzi serious hafungui mlango kwanza. Anafungua boneti. Akipata kitu ambacho si cha hiyo gari, bei inashuka hapo hapo.

Swali la kwanza: Gari ni ya soko gani?

Hili ndilo swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi, na ndilo linaamua karibu kila kitu.

Marekani walianza kubana moshi wa magari mapema, California ikiwa mbele. Kwa hivyo Z iliyopelekwa huko ilifungwa vitu vya kupunguza moshi. Z iliyouzwa nchi za usukani wa kulia kama yetu, kwa kawaida haikufungwa pampu ya hewa na mabomba yake. Haikung'olewa na fundi. Haikuwekwa kabisa.

Utajuaje yako ni gani? Soma namba ya chesisi. Imepigwa kwa ule ukuta wa bati kati ya injini na kabini, na kuna kibati cha utambulisho ndani ya boneti. Angalia herufi za mwanzo:

HS30: 240Z ya usukani wa kulia. Gari iliyonunuliwa mpya Kenya inafaa kuwa hii.

HLS30: usukani wa kushoto. Marekani iko hapa, lakini pia nchi za Ulaya za usukani wa kushoto. Kwa hivyo HLS30 peke yake haitoshi kusema ni ya Marekani. Tafuta pia ile stika ya maelezo ya moshi ndani ya boneti.

S30 bila herufi nyingine mbele: mara nyingi ni Fairlady Z ya soko la Japani lenyewe, na wengi wao walipewa injini ndogo ya L20, lita 2.

Sasa rudi kwa ile ofa ya WhatsApp. Kama chesisi yako inasoma HS30, seti ya "original ya Marekani" si original kwako. Ukiifunga, umelipa doh kuifanya gari yako isiwe original. Soma hiyo sentensi mara mbili.

Swali la pili: Ni ya mwaka gani?

Hata ndani ya 240Z, vitu vilibadilika. Angalia tatu hizi.

Hedi ya injini. Upande wa plagi kuna herufi zilizochorwa kwa chuma penyewe. E31 ni ya gari za mwanzo. E88 ni ya zile zilizofuata. Ukikuta N42, hiyo ni hedi ya ndugu yake mkubwa, 280Z, imehamia hapo baadaye.

Kabureta. Za mwanzo ni za Hitachi zenye kuba ya mviringo juu, kama kikombe kimepinduliwa. Gari za Marekani za 1973 zilipewa aina nyingine yenye kichwa bapa, kwa sababu ya sheria ya moshi. Wenye gari wengi hawakuzipenda hizo bapa, wakazing'oa na kufunga za mviringo. Kwa hivyo ukiona kabureta za mviringo kwa gari ya Marekani ya 1973, inaweza kutembea fiti kuliko ilivyozaliwa, lakini si vile ilitoka kiwandani.

Valvu ya EGR. Kazi yake ni kurudisha moshi kidogo kwa injini ili moto wa ndani upoe. Kwa 240Z ni kitu cha Marekani cha 1973. Mtu akikuuzia EGR "ya 240Z ya 1970", mwambie pole pole akatafute mteja mwingine.

Swali la tatu: Injini ni ile ile ya gari?

Magari haya yana miaka zaidi ya 50. Injini zimehama sana. Namba ya injini imepigwa kwa bloku, upande wa plagi, karibu na pale hedi inakalia. Inafaa kuanza na L24. Safisha na brashi na petroli kidogo, usikwaruze na msumari.

Halafu linganisha na logbuku. Zisipolingana, kuna kazi mbili: ya spea na ya karatasi. NTSA wanataka mabadiliko ya injini yaandikwe. Injini isiyo kwa logbuku ni noma hata kama inanguruma tamu, kwa sababu hujui ilikuwa ya nani.

Kifaa kwa kifaa: nini ni ya nani

Valvu ya PCV. Inavuta mvuke wa oili kutoka tumbo la injini na kuurudisha uchomwe. Hii ni ya kila 240Z, Marekani au Kenya. Usikubali fundi aing'oe azibe tundu. Ikizibwa, presha inajaa ndani na oili inaanza kutafuta njia kwa sili.

Pampu ya hewa. Inazungushwa na mkanda wa mbele ya injini na kusukuma hewa safi kwa ekzosi ili mabaki ya petroli yamalizie kuungua huko. Ni ya gari za Marekani.

Bomba za hewa kwa manifoldi. Manifoldi ya ekzosi ya Marekani ina matundu ya kuingiza hewa ya pampu. Ukikuta matundu yamezibwa kwa bolti, pampu iliondolewa. Ukikuta manifoldi haina matundu kabisa, usinunue pampu. Utaifunga wapi?

Mfumo wa mvuke wa petroli. Gari za Marekani zilipewa katangi kadogo nyuma ka kukusanya mvuke na valvu ya kuuelekeza kwa injini. Kwa joto la Merti, hata kama gari yako haina mfumo huu wote, kagua kila hosi ya petroli. Kwa hii gari kabureta zinakaa juu ya ekzosi, upande mmoja, na petroli ikipata moto huko inachemka kwa paipu. Gari inazima na haikubali kuwaka mpaka ipoe.

Katalisti. Lile sanduku la ekzosi lenye sega ndani, lenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Hakuna 240Z iliyotoka kiwandani nayo. Hakuna. Mtu akikuuzia "katalisti original ya 240Z", umepata jibu lako kuhusu huyo mtu, na hauhitaji kuuliza kuhusu spea zingine alizonazo.

Namba ya spea inasema kuliko muuzaji

Nissan hupanga namba zao kwa vipande viwili: tano, kistari, tano. Tano za kwanza zinasema ni kifaa gani. 11810 ni valvu ya PCV. 14710 ni valvu ya EGR. 16010 ni kabureta. Tano za mwisho zinasema ni ya toleo gani, na kwa spea za 240Z mara nyingi huanza na herufi E. Zikianza na N, shuku kwamba unaonyeshwa kitu cha 280Z.

Kwa hivyo muuzaji akisema "ni EGR" na namba inaanza na 11810, mmoja wao amekosea, na si namba.

Angalizo: namba ya mwisho ikiwa tofauti kidogo na ya kitabu, usikimbilie kuita feki. Nissan hubadilisha namba spea inapoboreshwa, na ya zamani inafutwa. Mwombe muuzaji aonyeshe namba mpya inachukua nafasi ya ipi. Pia spea halisi iliyotengenezwa miaka ya baadaye itakuja kwa boksi la Nissan, si la Datsun, kwa sababu hilo jina liliondolewa kwa magari miaka ya 80. Boksi la "Datsun" linalong'aa kama limechapishwa jana ndilo la kukufanya uwe rada.

Majaribio ya mkono, bila mashine

Mzigo ukifika Isiolo, kama una mtu pale, mwambie afanye haya kabla haujapakiwa kwa gari la Merti.

PCV: itikise. Inafaa kulia kach kach ndani. Ikinyamaza, imeganda kwa uchafu.

Valvu ya njia moja ya bomba la hewa: puliza kwa mdomo pande zote mbili. Hewa ipite upande mmoja tu. Ikipita kote, ni chuma tu.

Pampu ya hewa: zungusha puli kwa mkono. Izunguke bila kusaga wala kukwama.

Kabureta: inua ile pistoni ya ndani kwa kidole, uiachilie. Ishuke laini mpaka chini. Ikikwama, kuba imegongwa au si ya hiyo kabureta. Usichanganye kuba za kabureta mbili, kila moja imelinganishwa na pistoni yake.

Kabla hujabonyeza "Tuma"

Piga picha ya chesisi, kibati cha boneti, namba ya injini na herufi za hedi. Mtumie muuzaji hizo kwanza. Muuzaji anayejua kazi atafurahi. Anayekasirika umemsaidia kujitambulisha.

Dai picha ya namba ya spea yenyewe, si ya boksi, na karatasi yenye tarehe ya leo kando yake. Picha za mtandaoni hazina karatasi yako.

Kubalianeni kwa meseji nani analipa nauli ya kurudisha ikiwa si yenyewe. Iandikwe, isiwe ya kusema tu kwa simu.

Na spea ya zamani usiitupe, hata kama imekufa. Ifunge kwa gunia, iandike jina. Hiyo ndiyo sampuli pekee unayo ya kile gari yako ilizaliwa nacho, na siku mnunuzi akiuliza, itakutetea.

Kama unataka tu gari ya kutembea, funga kinachofanya kazi na uishi na amani. Hakuna dhambi. Lakini kama unalipa bei ya original, hakikisha ni original ya gari yako, si ya gari ya mtu California.