Je, kompyuta inaweza kutambua kwamba sentensi mbili za daktari zina maana moja?

Mwishoni mwa Juni 2019, mgonjwa wa Ebola aligunduliwa Ariwara, mji ulioko katika jimbo la Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, takriban kilomita 70 kutoka mpaka wa Sudan Kusini. Habari hizo ziliwafanya maafisa wa afya mjini Juba waongeze tahadhari. Mlipuko huo, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, uliua zaidi ya watu 2,200 nchini Kongo, ingawa haukuvuka kuingia Sudan Kusini.

Upande wa Kongo, taarifa za wagonjwa huandikwa kwa Kifaransa. Mjini Juba, lugha rasmi ni Kiingereza. Katika hali kama hiyo, uwezo wa kutambua haraka kwamba maelezo mawili yanazungumzia dalili zilezile si suala la wanaisimu peke yao.

Maneno mbalimbali, maana moja

Daktari wa Kifaransa anaweza kuandika "patient apyrétique", na mwenzake akaandika "le patient n'a pas de fièvre". Wote wawili wamesema jambo moja: mgonjwa hana homa. Programu za zamani, zilizohesabu maneno yanayopatikana katika sentensi zote mbili, zingezipa alama ndogo ya mfanano. Programu hizohizo zingeipa alama kubwa jozi ya "le patient a de la fièvre" na "le patient n'a pas de fièvre", ilhali ya kwanza inasema mgonjwa ana homa na ya pili inakanusha. Kwenye kituo cha kuwatenga wagonjwa, kosa la namna hiyo linaweza kumlaza mtu mzima kando ya mgonjwa.

Vifupisho huongeza ugumu. Herufi IVG katika faili la Kifaransa zinaweza kumaanisha udhaifu wa upande wa kushoto wa moyo, au utoaji mimba kwa hiari. Daktari husoma maneno ya jirani na kuelewa mara moja. Kompyuta sharti ifundishwe kufanya hivyo.

Mashine hujifunzaje?

Mbinu ya sasa ya akili mnemba huigeuza kila sentensi kuwa msururu wa mamia ya namba, unaoweza kufikiriwa kama mshale. Mishale miwili ikielekea karibu upande mmoja, sentensi huhesabiwa kuwa zinafanana. Pembe kati yao ikipanuka, mfanano hupungua. Mwaka 2019 watafiti nchini Ufaransa walitoa CamemBERT, modeli iliyosomeshwa kwa gigabaiti 138 za maandishi ya Kifaransa yaliyokusanywa kwenye intaneti. Kifaransa cha mtandaoni, hata hivyo, si Kifaransa cha wodini, na mwaka 2023 ikafuata DrBERT, iliyosomeshwa kwa maandishi ya tiba.

Modeli pekee haitoshi. Lazima wawepo watu wa kuipa mfano wa hukumu sahihi. Katika shindano la DEFT la mwaka 2020, binadamu walipitia jozi zipatazo elfu moja za sentensi za Kifaransa, zikiwemo zinazohusu afya, na kuipa kila jozi alama kuanzia 0, yaani hazihusiani, hadi 5, yaani maana ni ileile. Washiriki walitakiwa kuunda programu zitakazokaribia alama hizo. Sentensi zilitoka katika maandishi yaliyo wazi kwa umma, zikiwemo kurasa za ensaiklopidia na karatasi za maelezo ya dawa. Mafaili halisi ya hospitali hulindwa na usiri wa mgonjwa, na ni vyema iwe hivyo, lakini matokeo yake ni kwamba mashine huujua zaidi mwandiko wa mhariri kuliko wa daktari mwenye haraka.

Hali ikoje kwa Juba?

Zipo modeli zinazolinganisha sentensi za lugha tofauti bila kuzitafsiri kwanza. LaBSE, iliyotolewa na Google mwaka 2020, hushughulikia lugha 109, zikiwemo Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kidinka na Kinuer hazimo, wala Kiarabu cha Juba, ambacho wagonjwa wengi wa mji huo hukitumia kueleza maumivu yao. Anayeandika faili kwa Kiingereza huwa amekwisha kutafsiri kabla kompyuta haijaona neno lolote, na kosa lililofanyika hapo mashine haina njia ya kuligundua.

Mwaka 2022 Meta ilitoa modeli ya tafsiri ya lugha 200, yenye Kidinka na Kinuer ndani yake. Kupima mfanano wa maana, hata hivyo, huhitaji jozi zilizopewa alama na wazungumzaji wenyewe. Mkusanyiko wa SemRel wa mwaka 2024 ulifanya kazi hiyo kwa lugha 14, zikiwemo Kinyarwanda, Kiamhari, Kihausa na Kiarabu sanifu. Kiarabu cha Juba hakikuwemo, na Kiswahili pia.