Utafutaji wa viwanja vya ndege kwa programu za safari za anga

Utafutaji wa viwanja vya ndege kwa programu za safari za anga ni kazi ya kutambua kiwanja kilicho karibu na mji au kijiji ambacho msafiri hakifahamu, kwa kutumia kompyuta au simu. Hufanywa na marubani, makampuni ya ndege za kukodi, madaktari wa huduma za anga, na hata abiria wa kawaida anayetaka kujua ashukie wapi. Ugumu wake ni kwamba programu hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya miji, bali kwa ajili ya viwanja. Mahali pasipo na kiwanja chenye jina lake mara nyingi hapapatikani kabisa.

Mfano mzuri ni Chimwaga, jijini Dodoma. Jina hili linajulikana Tanzania nzima kwa sababu ya ukumbi wa mikutano ambamo Chama cha Mapinduzi kilimteua Benjamin Mkapa kuwa mgombea urais mwaka 1995, na baadaye kwa Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Hata hivyo, anayeandika "Chimwaga" katika programu ya marubani asitegemee kupata jibu. Inambidi atafute kwa njia nyingine.

Misimbo ya viwanja

Kila kiwanja kikubwa kina misimbo miwili. Wa kwanza ni wa herufi tatu na hutolewa na IATA, chama cha makampuni ya ndege. Ndio unaoandikwa kwenye tiketi na lebo za mizigo. Dodoma ni DOD, Dar es Salaam ni DAR, Kilimanjaro ni JRO. Wa pili ni wa herufi nne na hutolewa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga. Huo ndio unaotumiwa na marubani na waongozaji ndege. Herufi zake mbili za kwanza huonyesha nchi: HT ni Tanzania, HK ni Kenya, HU ni Uganda. Kwa hiyo HTDO ni Dodoma, HTIR ni Iringa na HTAR ni Arusha. Mtu anayeona jibu lisiloanza na HT wakati anatafuta mji wa Tanzania ajue mara moja kwamba amepotea. Viwanja vingi vidogo vya mbugani na vya misheni havina msimbo wa IATA, hivyo havionekani katika tovuti za kuuza tiketi ingawa ndege hutua huko.

Majina yenyewe hupoteza watu. Songea ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma na ina kiwanja chake. Songwe ni kiwanja kingine, kilichofunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya kiwanja cha zamani cha Mbeya. Tena Kiwanja cha Songwe hakimo katika Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016, bali kimo katika Mkoa wa Mbeya. Ramani ya zamani itamwonyesha msafiri kiwanja cha mjini Mbeya, ambacho ndege za abiria zimekwisha kukihama.

Kutafuta kwa latitudo na longitudo

Njia ya uhakika zaidi ni kupata kwanza latitudo na longitudo za mahali katika ramani ya kawaida, kwa mfano OpenStreetMap, kisha kuziingiza katika programu ya safari na kuiomba ionyeshe viwanja vya jirani. Programu kama SkyVector na ForeFlight hufanya hivyo kwa muda mfupi. Kanzidata huria ya OurAirports nayo huorodhesha viwanja vya dunia nzima pamoja na vile vidogo, na mtu yeyote anaweza kuipakua.

Makosa mengi hutokea hapa. Kiwanja cha Dodoma kipo kwenye 6°10′ kusini na 35°45′ mashariki. Kwa desimali ni −6.17 na 35.75. Alama ya kutoa ina maana ya kusini. Ikisahauliwa, programu itaonyesha mahali kusini-magharibi mwa Ethiopia, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Dodoma. Tarakimu zikibadilishana nafasi, jibu litaangukia baharini karibu na Tanger, Moroko. Kosa la tatu ni dogo na kwa hiyo ni baya zaidi, kwa kuwa halishtui: kuandika dakika kana kwamba ni desimali. 6°10′ si 6.10. Tofauti ni kilomita 7 na zaidi, na mtu atadhani amepata mahali sahihi.

Umbali unaoonyeshwa ni wa mstari ulionyooka juu ya uso wa dunia, na kwa kawaida huhesabiwa kwa maili ya bahari, yenye mita 1,852. Maili moja ya bahari ni sawa na dakika moja ya latitudo, na jambo hili humwezesha mwanafunzi kukagua kompyuta kwa kalamu. Viwanja vya Dodoma na Iringa viko karibu kabisa kwenye longitudo moja. Dodoma ni 6°10′ kusini, Iringa ni 7°40′ kusini. Tofauti ni 1°30′, yaani dakika 90, maili 90 za bahari, au kilomita 167 hivi. Kwa barabara ya Mtera safari hiyo huzidi kilomita 250. Anayekwenda kumchukua mgonjwa kwa gari kutoka kiwanja "cha karibu" inampasa akumbuke tofauti hiyo.

Kutoka Chimwaga, kiwanja cha Dodoma kiko umbali usiofika kilomita 10 kwa mstari ulionyooka. Jibu ni rahisi, lakini kiwanja kingine kimekuwa kikijengwa huko Msalato, kaskazini mwa mji. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe lake la msingi Oktoba 2022, na njia yake ya kurukia imepangwa kuwa na urefu wa mita 3,600. Katika kipindi kama hiki kanzidata mbalimbali hutofautiana: moja huonyesha kiwanja kinachojengwa kama kilichokwisha kufunguliwa, nyingine haikionyeshi kabisa.

Karibu hakutoshi

Kiwanja cha karibu kinaweza kisiifae ndege husika. Tarehe 18 Desemba 2013, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 767 iliyotoka Addis Ababa kwenda Kilimanjaro ilitua katika Kiwanja cha Arusha. Viwanja hivyo viwili vimetengana kwa kilomita 50 hivi, na njia zao za kurukia zote huelekea mashariki na magharibi. Ila ya Kilimanjaro ina urefu wa mita 3,600 hivi, na ya Arusha wakati huo ilikuwa na mita 1,600 hivi. Ndege ilipita mwisho wa lami ikaingia kwenye nyasi. Hakuna aliyepoteza maisha.

Kwa sababu hiyo programu nzuri humruhusu mtumiaji kuchuja matokeo kwa urefu wa njia ya kurukia, kwa lami au changarawe, na kwa kuwapo taa za usiku. Kwenye uwanda wa kati mwinuko nao ni muhimu. Dodoma iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, hasa mchana wa joto, na ndege iliyojaa huhitaji njia ndefu zaidi kuliko Dar es Salaam. Mafuta ni jambo lingine: ndege ndogo za injini ya pistoni hutumia petroli maalumu, ndege za jeti hutumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, na si kila kiwanja kina aina zote mbili.

Chanzo cha taarifa

Desturi ya kukusanya habari za viwanja ni ya zamani kuliko kompyuta. Rubani wa barua wa Marekani, Elrey Jeppesen, alikuwa akiandika katika daftari lake urefu wa viwanja na vizuizi vilivyo jirani, na mwaka 1934 akaanza kuuza maandishi hayo kwa marubani wenzake. Kampuni iliyotokana naye ilikuja kuwa miongoni mwa wasambazaji wakubwa wa ramani za anga duniani.

Kisheria, taarifa rasmi za nchi hutolewa katika kitabu kiitwacho AIP. Kwa Tanzania huchapishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mabadiliko yake hufuata kalenda ya kimataifa ya siku 28, na yale ya ghafla, kama njia kufungwa kwa matengenezo, hutangazwa kwa ujumbe uitwao NOTAM. Programu ya bure inaweza kukosa vyote viwili. Abiria anaweza kuitumia hivyo hivyo. Rubani hulinganisha jibu lake na AIP na NOTAM za siku ile, au hupiga simu kiwanjani kabla ya kuondoka.