Kilomita 33 za Kupanda

Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Jumamosi saa mbili asubuhi natoka Korogwe na shangazi, saa tatu na nusu tuko Lushoto tunakunywa chai. Hesabu yenyewe nyepesi: Korogwe mpaka Mombo ni kama kilomita 40 za barabara kuu ya kwenda Moshi, halafu unakata kulia, unapandisha kilomita 33 za lami kupitia Soni, umefika. Kuna kikao cha ukoo kule juu, kuhusu shamba la babu, na shangazi ameapa kwamba safari hii hawagawi kitu bila yeye kuwepo.

Nikampigia baba mdogo kumjulisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Umehesabu njia, mwanangu. Mlima hujauhesabu."

Nilidhani ananitania tu, maana watu wa milimani wana kawaida ya kutuona sisi wa chini kama watoto. Lakini usiku ule nilikaa na vitabu viwili nilivyokuwa nimeviweka pembeni siku nyingi, *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, na *The Shambaa Kingdom* cha Steven Feierman, kilichotoka 1974. Nikaanza kuona kwamba kipande hiki kidogo cha barabara, ambacho dereva wa basi la Arusha anakipita pale njia panda bila hata kugeuza shingo, kimeamua mambo makubwa kuliko urefu wake.

Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko kama mita 1,400. Maana yake ndani ya zile kilomita 33 kuna kilomita nzima ya kwenda juu, na hiyo ramani ya simu haikuonyeshi. Ukishuka garini Mombo unavua koti. Ukifika Soni, karibu na maporomoko, unaanza kulitafuta.

Wasambaa wa zamani walikuwa na majina ya tofauti hii. Juu ni Shambaai, nyumbani, penye migomba, mvua na baridi. Chini ni nyika, kwenye jua kali na homa. Walijua, kabla ya daktari yeyote kuandika habari za mbu, kwamba mtu wa mlimani akilala nyika siku kadhaa anarudi mgonjwa. Kwa hiyo kushuka lilikuwa jambo la kupangwa kweli kweli: unashuka na sababu, unamaliza, unapanda.

Na utawala ulikaa juu. Msomaji wa *Habari za Wakilindi* anakumbuka jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Nguu, alivyopanda mlima na nyama ya nguruwe mwitu mkononi, akawalisha watu, akaua simba, mwisho wakampa nchi. Mji wake ukawa Vuga, si mbali na Soni ya leo. Mfalme wa Vuga aliitwa Simba Mwene, na kazi yake kubwa machoni pa watu ilikuwa mvua: ni yeye aliyeweza kuiponya nchi, au kuiharibu akiudhiwa. Mtu mwenye mamlaka ya namna hiyo hashuki kumfuata mtu. Anafuatwa.

Walimfuata, hata wageni wa mbali. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Vuga 1848 akitokea upande wa Mombasa, akarudi tena 1852, safari hii kupitia Pangani. Mwaka 1857 wakaja Richard Burton na John Speke, nao kutoka Pangani, wakapanda kwa miguu kumwona Kimweri ye Nyumbai. Mzee alikuwa amechoka, anaumwa, na alichotaka kwa Burton ni dawa ya kumrudishia ujana. Burton hakuwa nayo. Ninaipenda sana picha hii, sijui kwa nini: Mzungu aliyeingia Makka kwa kujificha, amepanda mlima wote ule akihema, halafu anaulizwa swali moja tu na hana jibu.

Kimweri alifariki 1862, na hapo ndipo mambo yanapogeuka.

Wakati mzee anazeeka Vuga, huko chini dunia ilikuwa inabadilika. Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikuwa ikipita bonde la Pangani, na pamoja nayo bunduki na baruti. Wazigua wa nyikani walizipata mapema. Wasambaa wa juu walibaki na mvua yao. Mtu mmoja katika ukoo wa kifalme aliielewa hesabu hiyo kuliko wote: Semboja, mtoto wa Kimweri mwenyewe. Yeye aliweka makazi yake Mazinde, chini kabisa, kando ya njia ya misafara. Mazinde hiyo hiyo unayoipita leo ukishaiacha Mombo kuelekea Same, katikati ya mkonge.

Mrithi halali wa Vuga alikuwa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Semboja akapigana naye, akamshinda. Sasa angalia alichofanya baada ya kushinda, maana kwangu hapa ndipo palipo na historia yote ya barabara hii. Hakupanda kwenda kukaa Vuga. Alimpeleka mwanawe kukalia kiti, yeye akabaki Mazinde na bunduki zake na wafanyabiashara wake. Yaani kiti cha enzi kilikuwa juu, nguvu ziko chini, na kati yao ule mteremko.

Abdallah bin Hemedi alimjua Semboja kwa karibu, alikuwa mtu wake. Ndiyo maana kitabu chake lazima kisomwe kwa jicho moja wazi na jingine limefumbwa kidogo. Anaweza kukueleza shauri lililofanyika barazani kama vile alikuwa amekaa mkekani, na pengine kweli alikuwa amekaa. Lakini mkeka wenyewe ulitandikwa upande gani? Feierman, aliyekwenda kuwasikiliza wazee wa Kisambaa karne moja baadaye, anatupa sauti za wale waliobaki juu: kwao miaka ile ni miaka ya vita, ya watu kukamatwa na kuuzwa, ya nchi iliyokosa mtu wa kuiponya. Visomwe pamoja. Mimi nilifanya kosa la kusoma kimoja miaka kumi kabla ya kingine, na kwa miaka hiyo kumi nilimwona Semboja kuwa shujaa tu.

Wajerumani walipokuja walikuta mchezo umekwisha kuchezwa nusu. Semboja alikufa 1895, na mwaka huohuo mwanawe Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vuga, alinyongwa na Wajerumani. Reli walikuwa wameshaianza Tanga 1893. Ilienda kwa kusuasua, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ikaichukua. Ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Fuata ramani yake uone: inapita chini, katika nyika ileile ya Semboja.

Lakini wao wenyewe hawakutaka kulala chini. Homa haichagui rangi. Wakapanda, wakajenga mji wa baridi wakauita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao. Ndiyo Lushoto. Ofisi juu, reli chini, kwa hiyo ikahitajika barabara nzuri ya kuviunganisha, na njia ya Mombo mpaka Lushoto ikapata umuhimu wake. Ukiitazama hivyo, Wajerumani hawakubuni kitu kipya. Walirudia mpango wa Semboja na mwanawe, ila safari hii kwa saruji na chuma.

Nani aliyeibeba kazi? Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ulianzishwa utaratibu wa kadi: kila mwanamume alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 katika kila miezi minne, kwa ujira uliopangwa. Asiyejaza kadi yake aliweza kuchukuliwa kwa nguvu kwenye kazi za serikali, barabara zikiwemo. Siku 30 katika miezi minne, kwa mtu mwenye shamba lake mwenyewe la kulima na mvua haimsubiri. Shangazi nilipomsomea habari hii alisema neno moja tu, "Kumbe." Baadaye akaniambia babu yake alikuwa akitaja "kadi" bila kueleza ni kadi ya nini, na wao watoto walidhani ni karata.

Nimalize haraka mengine ya Wajerumani. Pale Mkumbara, mbele ya Mazinde, kulikuwa na njia ya waya ya kuteremshia magogo ya mierezi kutoka misitu ya Shume mpaka kwenye reli, maana mzigo ule kwa barabara ungekuwa balaa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walitandaza reli ndogo ya troli kutoka Mombo kwenda Handeni. Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yakaingia Mombo, na siku chache baadaye yakaikamata Wilhelmstal. Kaisari akaondoka kwenye ramani, jina la Lushoto likashika nafasi yake. (Wakati wa Mwingereza kuna kisa cha matuta, wakulima walivyolazimishwa kuchimba matuta kwenye miteremko yao na walivyokataa. Nacho kinahitaji makala yake, sitakigusa leo.)

Kinachonikaa moyoni zaidi ni kwamba mteremko ule haujaacha kazi yake. Simama Mombo jioni yoyote uangalie kinachoshuka: kabichi, karoti, viazi, hoho, matenga ya nyanya, plamu na peasi msimu wake ukifika. Mzigo huo unakwenda Tanga, unakwenda Dar es Salaam. Anayelima yuko juu. Anayejua bei ya leo sokoni yuko chini, na simu yake ina chaji. Gunia linajazwa, halafu linashonewa kilemba cha ziada juu, lumbesa, na mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya vipimo imekataza lumbesa, wakubwa wameikemea majukwaani mara nyingi, na bado unaiona. Baba mdogo alilima kabichi kwa miaka mingi. Masika moja udongo uliporomoka barabarani, magari hayakupanda kwa siku kadhaa, na kabichi zake zikaozea palepale kwenye mafungu. Njia ilipofunguka dalali alikuja akampa bei ya kumfariji. Tangu hapo analima maharage.

"Maharage yanangoja," alisema. "Kabichi haingoji, na wale wa chini wanajua haingoji."

Semboja angeielewa sentensi hiyo vizuri sana.

Basi nimepanga upya. Tunatoka Korogwe saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa mbili, kwa sababu barabara kuu ina malori na vibao vya hamsini kila penye kijiji, na trafiki hana haraka yoyote na kikao chetu. Mombo tunakunywa chai, naangalia maji ya rejeta na breki. Kupanda ni kwa gia ndogo, na ile gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Usiachie gari litelemke lenyewe eti unaokoa mafuta, kona za pale hazina huruma. Kila kona isiyoonekana napiga honi, maana lori la kabichi linaloshuka linaiona barabara yote kuwa ni yake. Sweta la shangazi linakaa juu ya begi. Soni tunasimama, miguu yake inavimba akikaa sana. Kama kuna ukungu, hatuna haraka. Na kushuka ni Jumapili kabla ya saa kumi, kikao kiwe kimekwisha au hakijakwisha.

Kuna jambo moja nimeongeza na sikulipeleka kwa baba mdogo kwanza. Pale njia panda ya Mombo sitakata kulia moja kwa moja. Nitaendelea mbele kidogo mpaka Mazinde, nigeuze, nirudi. Nataka nisimame pale chini niutazame mlima kama alivyoutazama yule aliyeshinda akakataa kupanda.

Shangazi akauliza, "Mazinde kuna nini?"

"Mkonge."

"Mkonge uko hata hapa Korogwe."

Nikamwambia ni dakika chache tu. Akafikiri, akasema sawa, ila tukichelewa wakaanza kugawa shamba bila yeye, nitamweleza baba mdogo mwenyewe kwamba tulikuwa tunaangalia mkonge.