Mhusika Anayerudi: Kutoka Ngano za Jioni hadi Tamthilia za Mfululizo

1. Utangulizi



Anayetaka kueleza historia ya tamthilia za mfululizo katika mkoa kama Singida hawezi kuanzia kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, vituo binafsi, ITV kikiwamo, vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, wahusika waliozoeleka nyumbani kama jirani waliingia kwa njia ya sauti. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba kurudi kwa mhusika kuna historia yake. Mhusika aliyekuwa akirudi vilevile alianza kurudi akiwa amebadilika, na hatimaye akafika mahali asipoweza kurudi tena.

2. Mhusika arudiye vilevile

Katika ngano za Wanyaturu na Wanyiramba, kama zilivyo za Wabantu wengi, Sungura hafi. Akinaswa leo, kesho yumo katika ngano nyingine, mzima na mjanja vilevile, wala hadhira haiulizi amenusurikaje. Ndivyo alivyo pia Abunuwasi wa Pwani. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirithi mtindo huo katika vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi. Majina yao yalitoka katika methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani mwizi hukutana na aliyemzidi. Methali ilikuwa imekwisha kueleza tabia yao kabla hawajatamka neno. Wahakiki huwaita wahusika wa namna hii wahusika bapa. Ubapa huo si kasoro, kwani ndio uliowawezesha kurudi.

3. Mkwaju

Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati, mara mbili kwa juma. Mbinu yake ilitokana na televisheni ya Mexico, ambako Miguel Sabido, katika miaka ya 1970, aliwagawa wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wanaosita katikati. Wa kuepukwa alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi mwenye wanawake wengi. Mkewe, Tunu, alianza kwa kuvumilia, akaishia kujitegemea kwa biashara ndogo. Singida ni njia panda ya barabara za Dodoma, Arusha na Mwanza. Msikilizaji wa hapo hakuhitaji kufafanuliwa dereva wa lori ni nani. Hata jina lilisema: mkwaju ni mti, na mkwaju ni bakora.

Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI, akafa. Tamthilia za televisheni za nchi nyingi hufufua maiti: aliyezikwa hubisha hodi baada ya vipindi kadhaa, ikaelezwa kwamba kaburini yumo mwingine. Watunzi wa Twende na Wakati wasingeweza kufanya hivyo bila kuvunja kazi yao. Kumrudisha Mkwaju kungekuwa kuwaambia wasikilizaji kwamba ugonjwa ule una mlango wa kutokea, na hali mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulikuja kuanza mwaka 2004.

4. Miaka miwili ya ukimya

Kati ya mwaka 1993 na 1995 mtambo wa Dodoma, mkoa unaopakana na Singida, haukurusha tamthilia hiyo. Ulirusha vipindi vingine ili watafiti, akiwamo Everett Rogers, wapate eneo la kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 na 2000 yalionyesha kwamba tamthilia ilichangia kuongezeka kwa matumizi ya uzazi wa mpango na kupungua kwa idadi ya wapenzi. Dodoma nayo iliipata kuanzia mwaka 1995.

Kitaalamu, utaratibu huo una mantiki. Lakini wenye lugha ileile na redio ileile walinyimwa kwa miaka miwili jina ambalo wenzao walilitumia kuonyana, tena wakati wa janga. Anayesema kwamba hadithi ile iliokoa watu hana budi kukubali kwamba kuizuia kulikuwa na gharama. Hawezi kushika hoja ya kwanza akaiacha ya pili.

5. Hitimisho

Televisheni ilipoenea, kundi la Kaole lilitoa tamthilia moja baada ya nyingine katika ITV. Hadithi zilibadilika, lakini majina kama Muhogo Mchungu na Bi Hindu yaliendelea kurudi. Kwa namna hiyo chombo kipya kilimrudisha mhusika wa zamani kabisa, ndugu yake Sungura. Wanafunzi wetu wamezoea kuuliza kama mhusika ni bapa au duara. Wajifunze kuuliza pia anarudije, kwa nini wakati mwingine hapaswi kurudi, na ni nani waliozuiwa kumsikia.